Nani anaichunga njia ya intaneti kati ya Kampala na Mombasa?

KAMPALA

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini inayohudumia ukanda wetu, EASSy na SEACOM, ilikatika nje ya pwani ya Afrika Kusini. Kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala na Kigali, intaneti ikazorota. Ujumbe wa WhatsApp ulining'inia, tovuti ziligoma kufunguka, na mwenye mzigo njiani akabaki kupiga simu ya kawaida kuulizia lori limefika wapi.

Wakati huohuo, watu walioketi mbali kabisa na Afrika Mashariki walikuwa wakiitazama hitilafu hiyo kwenye skrini zao. Shirika la NetBlocks la London na kampuni ya Cloudflare ya Marekani zilionyesha kwa grafu ni nchi zipi zimeathirika na kwa kiasi gani. Mteja wa Kikuubo aliyelipia bando lake hakuwa na habari zaidi ya kuona kwamba simu yake imegoma.

Zipo programu nyingi za kuangalia jinsi mitandao ya intaneti inavyopitishiana mawasiliano. Nyingine ni za bure, nyingine hulipiwa kwa dola. Zipi zinawafaa wanaoishi kwa kuvusha bidhaa Malaba, Busia na Mutukula? Na zikipiga kengele, nani anaisikia?

Karatasi hutangulia lori

Kabla ya kuzitazama programu zenyewe, tukumbuke kwa nini jambo hili ni la mfanyabiashara na si la mafundi peke yao.

Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha uanze kutumika mwaka 2014, mwagizaji wa Uganda hulipa kodi yake kwa URA wakati kontena bado liko bandarini Mombasa. Tamko la forodha hupita katika mfumo wa ASYCUDA, malipo huthibitishwa, na ruhusa hutumwa kwa njia ya kielektroniki hadi upande wa Kenya. Baada ya hapo lori hutembea likiwa na kifaa cha ufuatiliaji cha RECTS, kinachotuma taarifa za mahali lilipo. Mzigo ukifika Kampala na kuuzwa, kuna risiti ya EFRIS, ambayo nayo inahitaji mtandao.

Kwa maneno mengine, lori halisogei mpaka karatasi isogee kwanza, na siku hizi karatasi husafiri kwa intaneti. Karatasi ikikwama saa sita, dereva anakula posho bure na gharama za kuegesha kontena zinaendelea kuhesabika. Msimamizi wa bandari haulizi kama kosa ni la mkongo, la kampuni ya simu au la fundi mmoja aliyeandika namba vibaya saa nane za usiku.

Hilo la fundi mmoja si mzaha, kama tutakavyoona.

Madalali wasioulizwa kitambulisho

Intaneti ni mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea, kila mmoja ukiwa na namba yake, iliyokubaliana kupitishiana mizigo. Kampuni ya simu ni mtandao mmoja, chuo kikuu ni mwingine, benki kubwa pengine ina wake. Lugha wanayotumia kuambiana njia inaitwa BGP.

Fikiria madalali wa malori mpakani. Mmoja anatangaza: "Mzigo wa Kigali pitisha kwangu." Mwingine anasema: "Mimi nafika Kigali kwa vituo viwili tu." Wenye mizigo humchagua anayeonekana kuwa na njia fupi. BGP hufanya kazi hivyohivyo, na kwa miaka mingi dalali hakuulizwa kitambulisho. Mtandao wowote ungeweza kutangaza kwamba anwani fulani zinapatikana kwake, na majirani wakaamini.

Februari 24, 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuifungia YouTube ndani ya nchi yake. Tangazo lililokusudiwa kubaki ndani likavuka mipaka, likaaminiwa, na kwa takribani saa mbili watazamaji wa YouTube katika sehemu nyingi za dunia wakawa wanaelekezwa Pakistan, ambako hapakuwa na kitu.

Afrika nayo ina mfano wake. Novemba 12, 2018, kampuni ya MainOne ya Nigeria ilikuwa ikiboresha mtandao wake. Mpangilio mmoja ulikosewa, na njia za kuelekea Google ambazo MainOne ilipaswa kuzitumia yenyewe tu zikatangazwa kwa wengine. China Telecom ikazipokea na kuzisambaza. Kwa dakika 74, sehemu ya mawasiliano ya Google ilipita Urusi, China na Nigeria. Hakuna aliyeiba chochote. Lilikuwa kosa la kazi.

Lakini wezi nao wanaijua njia hiyo. Aprili 24, 2018, watu walitangaza anwani za Amazon zinazotumika kutafsiri majina ya tovuti, wakawaelekeza wateja wa pochi ya sarafu za kidijitali ya MyEtherWallet kwenye tovuti bandia. Katika muda wa saa mbili hivi zilipotea takribani dola 150,000. Wateja hawakubofya kiungo cha kitapeli. Waliandika jina sahihi la tovuti wakapelekwa kusiko. Kivinjari kilitoa onyo kwamba cheti cha tovuti si halali, na walioibiwa ni wale waliolipuuza onyo hilo. Anayelipa wauzaji wa Guangzhou au Dubai kupitia tovuti ya benki alizingatie hili kabla ya kubonyeza "endelea".

Hifadhi za bure

Sasa tuzitazame programu zenyewe, tukianza na zile ambazo karibu nyingine zote huzitegemea.

Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kinaendesha mradi wa Route Views tangu miaka ya 1990. Taasisi ya RIPE NCC ya Amsterdam ina mradi kama huo uitwao RIS, ulioanza mwaka 1999. Kazi yao ni moja: kuweka mashine katika vituo mbalimbali duniani, kusikiliza matangazo ya BGP na kuyahifadhi yote. Mtu yeyote anaweza kuyasoma bure. Kwa asiye fundi, tovuti ya RIPEstat inatosha. Unaandika anwani au namba ya mtandao, nayo inakuonyesha nani anautangaza, kupitia kwa nani, na tangu lini. Ndani yake kuna BGPlay, inayochora njia zikihama kama filamu.

Uzuri wa hifadhi hizi ni ushahidi. Kampuni ikikuambia kwamba jana usiku "hapakuwa na tatizo upande wetu", rekodi ipo. Ubaya wake ni kwamba hazikuamshi usiku. Ni kama daftari la mlinzi wa getini: utalisoma asubuhi.

Za kengele

Kundi la pili ndilo la kengele, na hapa tofauti ni kubwa.

BGPalerter ni programu ya bure iliyotengenezwa na wahandisi wa kampuni ya NTT. Huwekwa kwenye kompyuta ya kawaida, hupewa orodha ya anwani za kampuni, kisha husikiliza matangazo ya RIS moja kwa moja. Mtu mwingine akitangaza anwani hizo, au zikitoweka, inatuma ujumbe. Haihitaji hifadhidata wala seva kubwa. Kwa maoni yangu, kwa mtoa huduma mdogo wa Kampala, Mbarara au Gulu hii ndiyo ya kuanza nayo, na asiyekuwa nayo wala nyingine ya aina yake anastahili kuulizwa na wateja wake sababu.

ARTEMIS, iliyotokana na utafiti wa taasisi ya FORTH ya Ugiriki na CAIDA ya Marekani, inakwenda mbali zaidi. Inaweza hata kusaidia kujibu shambulio kwa kutangaza upya njia sahihi. Lakini ni nzito, inahitaji mtu wa kuihudumia, na kumpa roboti mamlaka ya kubadili njia ni uamuzi ambao kampuni nyingi zitausita. Ni haki yao kusita.

Halafu kuna za kulipia, kama Kentik na ThousandEyes ya kampuni ya Cisco. Hizi huunganisha njia, kasi na wingi wa mawasiliano mahali pamoja, na benki au kampuni kubwa ya simu inaweza kumudu gharama. Kampuni ndogo italipa kwa dola kwa ajili ya mambo mengi isiyoyahitaji.

Kuna somo moja la biashara hapa. Miaka kadhaa iliyopita wahandisi wengi duniani waliitegemea huduma ya BGPmon. Mwaka 2015 ilinunuliwa na OpenDNS, ambayo mwaka huohuo ikanunuliwa na Cisco, na huduma iliyozoeleka haikudumu kama ilivyokuwa. Isolario ya Italia, iliyokuwa ikitoa kengele bure kwa waliokubali kuchangia taarifa zao, ilifungwa mwishoni mwa 2021. Anayechagua programu aulize pia nani anaigharamia.

Kero nyingine ni kengele za uongo. Kampuni ikibadilisha msambazaji wake wa kimataifa, programu inaweza kuona uvamizi mahali ambapo pana mkataba mpya tu. Orodha isipohuishwa, ujumbe humiminika, na fundi mwishowe huzima sauti. Kengele iliyozimwa sauti ni sawa na kutokuwa nayo.

Dirisha liko wapi?

Sasa tufike penye kiini, ambapo matangazo ya programu hizi hayapagusi sana.

Programu yoyote ya aina hii huona kile tu kinachoonekana kutoka pale masikio yake yalipo. Na masikio mengi yako Ulaya na Marekani. Route Views ina mashine katika kituo cha KIXP cha Nairobi, na Johannesburg ina zake, lakini ukilinganisha na Amsterdam, Frankfurt au London, bara letu limewekewa masikio machache mno.

Kwa nini hilo lina maana kwa mzigo wa Malaba? Kwa sababu ya desturi ya mitandao yenyewe. Mitandao miwili ikiunganishwa moja kwa moja katika kituo cha kubadilishana, kama UIXP ya hapa Kampala iliyoanza mwaka 2001, kila mmoja huipokea njia ya mwenzake na kuwaambia wateja wake tu. Hauitangazi kwa wasambazaji wakubwa wa kimataifa, kwa kuwa hautaki kubebea wageni mzigo bure. Matokeo yake, mkato huo wa ndani hauonekani Amsterdam.

Kwa hiyo kiungo kati ya mtandao wa Kampala na wa Nairobi kinaweza kukatika, mawasiliano yakaanza kuzunguka Ulaya kwenda na kurudi, na programu inayosikiliza kutoka mbali isione badiliko lolote. Kwake kila kitu ni cha kijani: anwani za Uganda zinatangazwa, za Kenya zinatangazwa. Mwenye kujua kwamba njia imekuwa ndefu mara kumi ni wakala wa forodha anayesubiri ukurasa ufunguke.

Urefu huo si wa kubuni. Kampala na Nairobi ziko umbali wa kilometa 650 hivi kwa barabara, na ujumbe unaokwenda moja kwa moja unaweza kufika na kurudi chini ya milisekunde 20. Ukipitia London, ni 200 au 300. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba KIXP ilipunguza ucheleweshaji wa mawasiliano ya ndani ya Kenya kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kufikia kati ya 2 na 10. Ripoti yake nyingine, ya mwaka 2020, ilisema sehemu ya mawasiliano ya Kenya yanayohudumiwa ndani ya nchi imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70 katika miaka minane.

(Kituo hichohicho cha Nairobi kilifungwa mwaka 2000 muda mfupi baada ya kuanza, Telkom Kenya ilipolalamika kwamba kinaingilia haki yake ya kipekee. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Majirani wa leo wanaopitishiana mawasiliano kwa amani walianza kwa ugomvi.)

Hapa pia ndipo watu hudanganyika na YouTube. Mtu anaona video inakwenda vizuri, anahitimisha kwamba intaneti ni nzima. Google na wenzake huweka mashine za akiba ndani ya mitandao ya nchi nyingi, hivyo video unayoitazama inaweza kutoka kilometa chache tu na ulipo, huku tamko lako la forodha likizunguka dunia. Ukitaka kujua hali ya njia ya biashara yako, pima njia ya biashara yako.

Kinachofungwa bila njia kuondoka

Kuna jambo jingine ambalo programu za BGP haziwezi kukuambia, na Uganda inalijua vizuri. Februari 18, 2016, siku ya uchaguzi mkuu, Facebook, WhatsApp, Twitter na huduma za kutuma pesa kwa simu zilifungwa kwa amri. Sehemu nyingine za intaneti ziliendelea. Kufunga huduma kwa namna hiyo hakuhitaji kuondoa tangazo la njia hata moja. Kampuni ya simu huchuja tu ndani ya mtandao wake. Aliyekuwa akiangalia BGP peke yake angeweza kuona anga safi, wakati muuza maharage wa Busia hawezi kulipwa.

Januari 2021 hali ilikuwa nzito zaidi: mitandao ya kijamii ilizuiwa Januari 12, na kuanzia jioni ya Januari 13 hadi Januari 18 intaneti nzima ikazimwa kwa umma. Ndiyo maana mradi wa IODA wa Chuo Kikuu cha Georgia Tech, Marekani, hautegemei ishara moja. Unaangalia matangazo ya BGP, unatuma vipimo kuona kama anwani zinajibu, na unasikiliza kelele za kawaida zinazotoka katika kila nchi. Ishara moja ikibaki juu huku nyingine zikianguka, unajua tatizo ni la aina gani. Kwa mtu wa kawaida anayetaka kujua kama ni simu yake au ni nchi nzima, IODA na ukurasa wa Uganda wa Cloudflare Radar ndizo ningezipendekeza. Zote ni bure na hazihitaji kujisajili. Tatizo lao unalifahamu: ukiwa umezimiwa intaneti, huwezi kuzifungua. Jamaa yako wa Kisumu au Mwanza atakusomea kwa simu.

Maswali ya kumuuliza anayekuuzia intaneti

Uganda haina bahari. Mawasiliano yake ya kimataifa kwa sehemu kubwa hutoka kwa nyaya zinazopita Malaba na Busia kwenda Mombasa, na nyingine Mutukula kuelekea Dar es Salaam. Anayetoka kwa mlango mmoja tu hana mahali pa kukimbilia hata angekuwa na programu bora kuliko zote.

Mwenye ofisi ya mawakala au ghala anayelipa intaneti kwa mwezi ana haki ya kuuliza. Mnatoka kwa milango mingapi, na hiyo miwili haikutani mbele kwenye mkongo mmoja? Mmeunganishwa UIXP, na mawasiliano ya kwenda Nairobi yanabadilishwa wapi? Anwani zenu mmezisajili kwa vyeti vya RPKI? Hivi ndivyo vile vitambulisho vya madalali tulivyovikosa mwanzo. Kwa Afrika hutolewa kupitia AFRINIC yenye makao Mauritius, na mtandao unaovikagua unaweza kulikataa tangazo la mtu asiye mwenye anwani. Na la mwisho: kengele ikilia saa nane za usiku, simu ya nani inaita?

Usipopata jibu, pima mwenyewe. Programu ya simu ya HE.NET Network Tools ni ya bure na ina kipimo cha traceroute, kinachoorodhesha vituo ambavyo ujumbe umepitia. Elekeza kwenye tovuti unayoitegemea, kisha soma majina ya vituo. Wahandisi hupenda kutumia vifupisho vya viwanja vya ndege: nbo ni Nairobi, mba ni Mombasa, lhr ni London, mrs ni Marseille. Ukiona lhr katikati ya safari ya kutoka Kampala kwenda seva iliyoko Nairobi, umeshajua. Tahadhari mbili tu: kipimo hiki huonyesha safari ya kwenda, ya kurudi inaweza kupita kwingine, na majina ya vituo hubaki ya zamani hata mitambo ikihamishwa. Pima siku njia ikiwa nzima, uhifadhi picha, ili siku ya tatizo uwe na cha kulinganisha.

Kwa anayetaka kwenda mbele zaidi, RIPE NCC ina mradi wa Atlas, ulioanza mwaka 2010. Ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye rauta na kupima njia mchana na usiku, na hutolewa bila malipo kwa anayekubaliwa kukitunza. Kuna hata toleo la programu la kuweka kwenye kompyuta. Mwenye kifaa hupata pointi za kuagiza vipimo kutoka vifaa vya wengine duniani, kwa mfano kutoka Nairobi au Mombasa kuja Kampala, na hivyo huiona ile safari ya kurudi ambayo simu haiioni. Hakihitaji mhandisi. Kinahitaji umeme, intaneti ya kudumu na mtu asiyekichomoa ili achaji simu, na ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba au duka la Kikuubo lina vyote vitatu.